Kibuyu Kimerudi na Harufu ya Sabuni

Alhamisi, 6 Februari

Nimekamua. Nimechemsha maziwa, yanapoa. Nimechoma mti wa senetwet na kusugua ndani ya kibuyu kidogo kwa makaa yake, kile kikubwa kesho. Moshi umeniingia machoni. Chebet yuko chumbani na simu. Anacheka.

Alhamisi ni siku ya yule mwanamke.

Niandike vizuri ili nijue hasira ilianzia wapi. Chebet ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu aache titi, mama yake yuko kazini Uarabuni. Anasomea unesi koleji, hapa Eldoret. Tangu mwezi uliopita wamepewa somo moja la kwa simu, la kutunza wazee. Hakuna darasa. Mwalimu anaongea ndani ya simu, wanafunzi wanajibu ndani ya simu. Halafu kila mwanafunzi ametafutiwa mzee wa kumpigia kila wiki, waonane uso, waongee. Ati vijana waache kudharau wazee. Na mzee asiwe wa ukoo wako. Hiyo ndiyo sheria.

Nilimwuliza, sasa mimi mzee niko hapa jikoni, bila bando, bila chaji, kwa nini utafutiwe mwingine mbali? Akasema, "Kogo, wewe nakujua tayari."

Ananijua. Sawa.

Aliyepewa anaitwa Tabitha. Mkikuyu, mjane, alikuwa na duka huko Plateau, nje ya mji. Chebet anamwita shosho, yaani bibi, kama mimi ninavyoitwa Kogo kwetu. Nusu saa nzima shosho, shosho. Mimi nikiita kutoka jikoni inabidi niite mpaka kuku watoke kuangalia nani anaitwa.

Mwezi mzima nimevumilia. Leo nimeamua. Simpendi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisa. Mahubiri marefu. Nililala kidogo.

Jioni Chebet anafua nguo, ameweka simu kwa dirisha, anasikiza somo la kwanza tena. Kumbe linawekwa, unaweza kulirudia. Mwalimu akauliza, ukisikia neno mzee, unafikiria nini? Wanafunzi wakaanza kutaja. Nikasikia sauti ninayoijua. Ya huyu wangu.

"Wanarudia-rudia maneno. Hawafundishiki. Na nyumba zao zinanuka moshi."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakuwakemea. Alisema tu, tuyaweke hayo maneno, tutayarudia mwisho.

Chebet alikimbia kuzima simu, mikono ina povu. Mimi nilikuwa naokota mayai. Nikaendelea kuokota mayai.

Hawafundishiki. Huyu mtoto ndiye aliyenifundisha kuandika. Mimi sikuenda shule. Ndugu zangu walienda, mimi nilichunga ndama. Chebet alipoingia darasa la kwanza alikuwa anarudi na herufi zake, ananiketisha kwa stuli, yeye ni mwalimu, mimi mwanafunzi. Nikichanganya b na d ananichapa mkono. Kidogo tu, lakini anachapa. Alipofika darasa la tatu nilikuwa nasoma kitabu cha nyimbo mwenyewe. Hii ninayoandika sasa ni kazi ya mkono wake.

Na moshi. Maziwa yaliyomkuza yalitoka kwa huo moshi.

Sijamwambia kitu. Nimempa ugali mkubwa kuliko wangu, kama kawaida. Nina hasira, lakini mtoto atakula.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nilisimama karibu na mlango. Sikujificha. Ni mlango wangu.

Anamwuliza yule mama alikuwa anacheza ngoma gani akiwa msichana. Anamwuliza kama aliogopa siku ya kuzaa mtoto wa kwanza. Anamwuliza ni kitu gani alitaka maishani na hakupata. Anangoja jibu. Chebet, ambaye mimi nikianza hadithi ananimalizia ili niende haraka.

Mimi hakuna mtu amewahi kuniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana.

Nikagongesha sufuria. Nikaita aje ashike kuku. Hakuja. Basi nikapeleka chai, ili nimwone huyo mtu. Nikamwona. Kitambaa chekundu kichwani, mashavu ya kung'aa, meno yote. Yote. Hiyo ya meno iliniuma zaidi.

Akaniona pia. Akasema, "Ndiye huyu Kogo?" kwa sauti ya kujua.

Nikasema nina maziwa motoni. Nikatoka. Hakukuwa na maziwa motoni.

Jumanne, 18 Februari

Kliniki ya presha. Daktari ni kijana, bado ana chunusi. Hakuniangalia. Akamwuliza Chebet, anaumwa wapi, anakunywa dawa, analala vizuri? Chebet akajibu yote. Akasema goti la kushoto. Ni la kulia. Nilikaa hapo kati yao kama gunia la mahindi linalopimwa.

Ningekuwa Tabitha ningeulizwa mpaka nilichoota.

Alhamisi, 20 Februari

Jambo limetokea.

Chebet amepangiwa mazoezi hospitalini, Plateau. Kuanzia Aprili, miezi mitatu. Ni mbali kwenda na kurudi kila siku. Hilo silaumu mtu. Lakini akasema, huku anatabasamu, ati shosho amempa chumba.

Kwa hivyo atamlisha. Atamwamsha. Atajua amerudi saa ngapi na amekasirika kwa nini. Na baada ya miezi mitatu, ni nani ataniambia mtoto atataka kurudi kwa nyumba ya moshi?

Chebet alipozaliwa tuliita majina ya waliotangulia, moja moja, kama desturi yetu, tukingoja mtoto apige chafya. Tulitaja wengi. Kimya. Nikataja jina la mama yangu, akapiga chafya mpaka wote tukacheka. Tangu siku hiyo ni mama yangu amerudi. Nikiwa na furaha naye namwita Mama. Sasa Mama anaenda kukaa kwa mwanamke mwingine.

Nikatoka nikamwambia ng'ombe. Ng'ombe hana maoni.

Jumamosi, 1 Machi

Nimetoka mji wa Ziwa, kwa dada yangu. Soko lilikuwa limejaa, kila mtu anatafuta mbegu, mvua iko karibu. Nimerudi na miguu imechoka. Nikaenda pale pembeni nivute kibuyu kikubwa nipate kikombe kimoja.

Hakipo.

Kile kikubwa ni cha mama yangu. Alikisugua yeye, nikakisugua mimi. Ndani ni cheusi kama usiku, moshi juu ya moshi, wa miaka yote. Maziwa ya hicho kibuyu hayafanani na ya kingine. Hata jirani akionja anajua.

Chebet akarudi jioni, anaimba. Alikuwa Plateau, kumwona shosho wake kwa mara ya kwanza ana kwa ana. Na kibuyu? Amekibeba, kimejaa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Amekiacha, ati shosho alikataa kukirudisha kichafu. Atakituma.

Nikamwuliza nani alimruhusu. Akasema, "Si wewe husema mgeni haendi mikono mitupu? Nilichukua kile kizuri, Kogo. Nilidhani utafurahi."

Ni kweli mimi husema hivyo. Nikaenda kulala na njaa yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kibuyu kimerudi. Kimeletwa na mtu wa gari la viazi. Kizito. Tabitha amekijaza njahi, yale maharagwe meusi yao. Basi, ana adabu, hakurudisha kitupu. Nikamwaga njahi kwa sinia. Nikaweka pua.

Sabuni ya unga.

Nikakipeleka kwenye mwanga. Ndani ni kama mbao mpya. Amekisugua na maji moto na waya wa sufuria, akakianika juani. Ule weusi wa mama yangu hakuna. Hata kidogo.

Nililia. Sikulia mama alipokufa kama nilivyolia leo juu ya sinia ya njahi.

Chebet akaja mbio, akanusa, akashika mdomo. Akasema, "Kogo, hakujua." Nikamwambia, na wewe je, ulijua? Akasema alijua, lakini hakufikiria kumwambia. Alidhani kila mtu anajua kibuyu hakioshwi na sabuni. Hiyo ndiyo ilinitia uchungu mwingine. Vitu vyangu amevizoea hata hajui ni vyangu peke yangu.

Hakumpigia Tabitha leo. Nilifikiri ningefurahi. Sikufurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Plateau. Sikumwambia Chebet. Nilivaa viatu vya kanisa, kwa sababu ukienda kugombana uende umevaa.

Nilimwuliza mtu wa kwanza, akanionyesha. Nyumba ndogo ya mabati, duka mbele limefungwa, bustani ya viazi imepigwa mistari kama kitabu. Akatoka na fimbo. Kwa simu alikuwa mkubwa. Hapa ananifikia begani. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akasema karibu Kogo, nilijua utakuja.

Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kibuyu ni cha nani, moshi ule ni wa nini, sabuni imefanya nini. Nilisema yote. Maneno mengine ya zamani pia yalifika kwenye ulimi, ya ugomvi wa watu wake na watu wetu, nikayameza. Hayo hayakuwa yake wala yangu.

Yeye ndiye aliketi. Hapo hapo kwenye ngazi.

"Nilikiosha mara mbili," akasema. "Nilisema huyu mama ni mtu wa usafi, asije akapata kasoro nikaaibika."

Akainua uso, na sasa alikuwa na hasira pia.

"Na nikwambie. Kila Alhamisi mimi naulizwa habari zangu, nikimaliza kujibu naambiwa zako. Kogo anafanya hivi. Kogo hawezi kukubali hivyo. Nikipika, Kogo huweka chumvi mwisho. Nimekuchukia tangu Januari."

Nikasema, "Mimi nilianza Februari."

Amenishinda kwa mwezi. Tukaangaliana. Mimi ndiye nilicheka kwanza, na nilikasirika kwamba nimecheka.

Akanipa chai. Maziwa kidogo kama ya dawa. Watoto wake wako Nairobi. Wajukuu wakimpigia wanaongea Kiingereza cha haraka, yeye anasema ndiyo, ndiyo, mpaka wakate. Koleji ilipotangaza kwamba inatafuta wazee wa kuongea na wanafunzi, alijiandikisha siku hiyo hiyo.

Nikaomba kuona chumba. Akafungua. Kitanda kimetandikwa, kitambaa cha kufuma juu ya mto, dirisha limefutwa. Aprili bado. Alishatandika. Nikaona hakuna mtu amelala hapo muda mrefu.

Nilitaka kupata kasoro. Nikakung'uta mto. Haukuwa na vumbi.

Nimerudi na viazi alivyonipa. Sijamsamehe. Viazi ni vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Daktari ni yule yule. Akamgeukia Chebet: huyu wako anaendeleaje na goti?

Chebet akaweka simu mfukoni. Akasema, "Muulize mwenyewe. Anasikia."

Kijana akageuka. Ilibidi aniangalie. Nikamwambia ni goti la kulia, siyo la kushoto, linaniuma nikiinuka kutoka kukamua, na ile dawa ya asubuhi inanipa kizunguzungu kwa hivyo wakati mwingine naificha chini ya ulimi. Chebet alishtuka kusikia hiyo ya ulimi. Daktari akacheka, akabadilisha dawa. Rahisi hivyo. Presha yote hii ilikuwa inangoja mtu aniulize.

Nilitoka hapo nikitembea kama nimevikwa taji. Njiani nikamwuliza Chebet, nani amekufundisha kusema vile?

Akasema shosho. Siku ile alipomtembelea, alimwuliza jirani kama shosho amekunywa dawa zake, na shosho ameketi pale pale. Shosho akamwambia nikifa utamwuliza jirani, kwa sasa niulize mimi.

Kwa hivyo ni yeye. Kitu nilichotaka miaka yote nimepewa leo, na aliyekitoa ni Tabitha. Nilikuwa na furaha na wivu katika kifua kimoja. Vilisukumana mpaka nyumbani.

Jumapili, 16 Machi

Nimeanza kusugua kibuyu kikubwa upya. Senetwet mbichi haitaki kushika moto. Nikachoma, nikasugua, nikamwaga unga wa makaa. Harufu ya sabuni iko pale pale. Nikasugua tena.

Chebet alikuja akachukua kijiti cha kusugulia mkononi mwangu. Hajakishika tangu aanze koleji. Anasugua vibaya, anaruka pembe za chini. Sikumkosoa. Nilimkosoa mara moja tu.

Alhamisi, 27 Machi

Somo la mwisho. Chebet alikuja jikoni, akaniambia leo watu wa nyumbani wanaruhusiwa. Akaniletea stuli, ile ile ya zamani. Nikavua aproni. Nikavaa tena, nikasema waone.

Simu imejaa nyuso ndogo ndogo, kama mayai kwenye trei. Wanafunzi, wazee wao, mwalimu katikati. Tabitha kwenye kona na kitambaa chake chekundu. Akanipungia mkono. Nikapunga, kidogo.

Mwalimu akaweka yale maneno ya siku ya kwanza. Kila mtu akasikia sauti yake. Wengine walicheka kwa aibu. Ikafika ya Chebet. Wanarudia-rudia. Hawafundishiki. Moshi. Nilimsikia akiacha kupumua hapo kando yangu. Hakuniangalia.

Mwalimu akamwuliza kama angependa kusema kitu.

Akasema, "Huyu ni Kogo. Nilimfundisha kusoma nikiwa darasa la kwanza. Nilipokuwa nasema hawafundishiki, nilikuwa nimesahau. Yeye hajasahau. Mimi ndio nilisahau."

Mwanafunzi mmoja, mtundu, akauliza, na ile ya moshi je?

Kabla Chebet hajajibu, Tabitha akaongea kutoka kona yake.

"Hiyo ya moshi niulizeni mimi. Niliumaliza na sabuni."

Wakacheka wote, hata wasioelewa. Mimi nilicheka mpaka nikashika goti. Yule mwanamke ana mdomo. Ningekuwa na jirani kama yule ningegombana naye kila siku, na siku asiponijibu ningeenda kubisha mlango.

Jumapili, 30 Machi

Chebet anapanga nguo. Anazipanga polepole. Mwishowe akaketi kwa kitanda changu, akasema, "Kogo, ukisema nisiende kwa shosho, nitatafuta kwingine. Sema tu."

Nilikuwa nalo neno. Nimekuwa nalo tangu Februari. Lilikuwa limeshafika mdomoni, tayari.

Nikaona kile kitanda cha Plateau na kitambaa chake cha kufuma.

Nikamwambia aende. Nikamwambia yule hajui kutengeneza chai, asimruhusu aguse maziwa. Nikamwambia akichelewa kurudi jioni amwambie, wazee hawalali mtu akiwa nje, na hilo si kurudia-rudia, ni kungoja.

Nikampa kibuyu kidogo, kipya, na fungu la senetwet. Siyo zawadi ya kurudishwa. Cha kukaa huko. "Fundisha shosho wako kusugua," nikasema. "Anafundishika."

Akalia. Nikamwita Mama. Sijamwita hivyo tangu mwaka huu uanze. Nikampangusa pua kwa leso yangu kama mtoto wa darasa la kwanza, na yeye nesi mzima.

Bado nina wivu. Sitaandika kwamba umeisha. Lakini nimempa njia mwenyewe. Hajaibwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu mchana. Mahindi yameshaingia udongoni. Ng'ombe ameloa, amenuna.

Nyumba ni kubwa mtu mmoja akitoka. Nimepika kidogo, nikabakisha hata hicho.

Jioni simu imeita. Chebet aliniachia simu yake ya zamani, akanionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza. Uso wake ukatokea, na nyuma yake kitambaa chekundu kinapita na sufuria. Ameshika maneno yangu, yule Tabitha, anamwambia chumvi mwisho.

Chebet ameuliza mvua, ng'ombe, dawa. Halafu akaniuliza, siku ya kumzaa mama yake, niliogopa?

Nilitaka kusema nina maziwa motoni. Hakukuwa na maziwa motoni. Nikavuta stuli nikaketi.

Tuliongea mpaka simu ikaisha chaji.

Kibuyu kikubwa nimekifungua leo. Ndani kimeanza kuwa kijivu, siyo cheusi bado. Nimemimina kikombe. Nimeonja.

Bado kuna sabuni, kidogo, kwa nyuma.

Nimekunywa.